Maneno ya Mshtakiwa Hayawi Hukumu

Katika vitabu vya uhakiki, katika mihadhara ya vyuo vikuu na katika dibaji za mikusanyo ya hadithi za kutisha, kuna kauli inayorudiwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna tena anayedai ithibitishwe, nayo ni kwamba hadithi fupi ya Kigothi hufunua upande wa giza wa maumbile ya binadamu, yaani uovu uliolala ndani ya kila mtu na ambao huamka pindi sheria, dini na malezi vinapolegea. Kigothi hapa ni utanzu wa masimulizi ya kutisha uliopata jina lake Uingereza, pale Horace Walpole alipoliita toleo la pili la riwaya yake The Castle of Otranto, la mwaka 1765, hadithi ya Kigothi, na ambao tangu hapo umejengwa juu ya majumba makongwe, siri za ukoo, maiti zilizofichwa na wasimulizi ambao akili zao zinatiliwa shaka. Utanzu huo ulipoingia katika hadithi fupi, hasa Marekani na Uskoti katika karne ya 19, ulibanwa ukawa mkali zaidi, kwa kuwa mwandishi hakuwa tena na kurasa mia nne za kutalii makasri na ilimbidi amweke msomaji chumba kimoja na mtenda kosa.

Kauli hiyo ina historia yake. Mwezi Agosti 1850 Herman Melville alichapisha katika jarida la The Literary World la New York makala ya kumsifu Nathaniel Hawthorne, akadai kwamba weusi uliomo katika hadithi za mwandishi huyo hupata nguvu zake kutokana na fundisho la Kikalvini la upotovu wa asili, yaani imani kwamba binadamu huzaliwa akiwa tayari ameharibiwa na dhambi na hawezi kujitakasa kwa juhudi zake mwenyewe. Mwaka 1958 Harry Levin, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyafanya maneno ya Melville kuhusu nguvu ya weusi kuwa jina la kitabu chake juu ya Hawthorne, Poe na Melville, na kitabu hicho kikalea kizazi kizima cha wahakiki. Wale walioona haya kumtaja Calvin walimweka Freud mahali pake, wakasema kilichojificha ndani ya mtu ni matamanio yaliyozuiwa tangu utotoni, na Marie Bonaparte, mwanafunzi wa Freud, aliandika mwaka 1933 utafiti mrefu uliozisoma hadithi za Edgar Allan Poe kwa namna hiyo. Majina yalibadilika na hoja ikabaki ileile: uovu unatoka ndani, umo kwa wote, na hadithi ni dirisha la kuuchungulia.

Hoja hiyo ni ya makosa, na kosa lake si dogo. Hadithi bora za utanzu huu hazisemi kwamba uovu ni maumbile. Zinawaonyesha watu wanaosema hivyo, na zinaonyesha kwa uangalifu mkubwa wanasema lini, mbele ya nani na kwa manufaa ya nani. Anayelitamka fundisho la giza la asili ndani ya hadithi hizi ni, karibu kila mara, mtu aliyekwisha kuua, au mtu anayetaka kuficha aliyeua, au Shetani mwenyewe. Wahakiki wameyachukua maneno ya mshtakiwa wakayaandika kama hukumu, na kwa kufanya hivyo wamewaacha waliouawa bila kutazamwa na walioandaa mauaji bila kuulizwa.

Inafaa kuanzia palepale alipoanzia Melville, kwa sababu hadithi aliyoisifu kuliko nyingi, "Young Goodman Brown" ya mwaka 1835, ndiyo inayomkanusha kwa uwazi zaidi. Kijana wa kijiji cha Salem, katika Massachusetts ya karne ya 17, anamwacha mkewe Faith jioni na kuingia msituni kukutana na msafiri mwenye fimbo inayofanana na nyoka. Usiku unapokuwa mkubwa anafikishwa kwenye mkutano ambako wacha Mungu wote wa kijiji chake, mashemasi kwa walimu wa dini, wamekusanyika na wadhambi, na kiongozi wa mkutano anawatangazia kwamba uovu ndiyo asili ya wanadamu. Haya ndiyo mafundisho ambayo uhakiki umeyaita ujumbe wa Hawthorne, lakini anayehubiri pale msituni ni Shetani. Msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, amefundishwa tangu utotoni kwamba Shetani ni mwongo na kazi yake ni kutia wasiwasi mioyoni mwa watu. Hawezi kukubali kwa wepesi kwamba kauli ya kiumbe huyo ndiyo falsafa ya mwandishi. Na hadithi yenyewe inaonyesha matokeo ya kuiamini: Brown anarudi nyumbani akiwa hajui kama aliota au aliona, anaacha kumwamini mke, mchungaji na jirani, anaishi maisha marefu ya chuki na huzuni, na anazikwa bila neno la matumaini kwenye jiwe la kaburi lake. Kilichomwangamiza ni kuusadiki uovu wa wote pasipo ushahidi.

Neno ushahidi lina uzito wa pekee katika hadithi hii. Mwaka 1692 mahakama ya Salem iliwanyonga watu 19 kwa shtaka la uchawi, na mzee Giles Corey akalaliwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. Mahakama hiyo ilikubali kile kilichoitwa ushahidi wa mizuka, yaani dai la shahidi kwamba alitokewa na umbo la mshtakiwa katika ndoto au njozi. Brown anawaona jirani zake msituni kwa namna hiyohiyo, na mmoja wa anaowaona ni Martha Carrier, mwanamke halisi aliyenyongwa mwaka huo, ambaye hadithi inasema aliahidiwa na Shetani kuwa malkia wa jehanamu. Hawthorne hakulichukua jina hilo kwa bahati. Mmoja wa wahenga wake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu waliowahoji washtakiwa wa Salem, na katika utangulizi wa riwaya yake The Scarlet Letter ya mwaka 1850 mwandishi alitangaza hadharani kwamba anaibeba aibu ya wazee wake. Mwaka 1711 koloni la Massachusetts lilibatilisha hukumu nyingi za kesi hizo, ya Martha Carrier ikiwamo, likalipa fidia kwa jamaa za waliohukumiwa. Mtu anayejua haya akisoma namna Shetani anavyojisifu kwa Brown, kwamba alimsaidia babu yake kumchapa mijeledi mwanamke wa madhehebu ya Quaker katika mitaa ya Salem, na kwamba alimpa baba yake kienge cha kuchomea kijiji cha Wahindi Wekundu, ataona kwamba giza lililomo ni vitendo vya watu wenye vyeo, vilivyofanywa kwa amri ya sheria na kwa baraka za kanisa, katika miaka inayojulikana. Kuyaita hayo maumbile ya binadamu ni kuwafutia hesabu mahakimu.

Poe ndiye shahidi anayetegemewa kuliko wote na upande wa pili, na kwa kweli ndiye aliyewapa istilahi yao. Katika "The Black Cat", iliyochapishwa Agosti 1843, msimulizi aliye gerezani, akingoja kunyongwa kesho yake, anaeleza habari za kile alichokiita roho ya ukaidi, yaani msukumo wa kutenda baya kwa sababu tu mtu anajua kuwa ni baya, na anaapa kwamba msukumo huo ni miongoni mwa hisia za awali kabisa za moyo wa binadamu. Aya hiyo imenukuliwa katika insha zisizohesabika, lakini ni nadra kuulizwa inaeleza tendo gani. Inaeleza kunyongwa kwa paka. Kabla ya hapo msimulizi alikwisha kukiri, kwa sentensi fupi iliyopita haraka, kwamba alikuwa akimpiga mkewe. Na baada ya hapo, alipoinua shoka ili amuue paka wa pili na mke akamzuia mkono, alimpasua mke huyo kichwa, kisha akaanza mara moja kufikiria jinsi ya kuificha maiti. Mauaji ya mke hayakupewa falsafa yoyote. Paka wa kwanza ana jina, Pluto, na kurasa nzima za majuto. Mke hana jina, na usiku ule wa mauaji mumewe alilala usingizi mzuri. Poe ameupanga uwiano huo wa maneno kwa makusudi, ili msomaji aone kile ambacho msimulizi hakioni, na nadharia ya ukaidi ni sehemu ya upofu huo, si ufunguo wa hadithi.

Yapo pia mambo ya nje ya hadithi yanayoupa upofu huo umbo lake. Katika majimbo mengi ya Marekani ya wakati huo, sheria ya kawaida iliyorithiwa kutoka Uingereza ilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe, mali na nafsi yake, na ilichukua mpaka mwaka 1871 kwa Mahakama Kuu ya Alabama kutamka, katika kesi ya Fulgham, kwamba mume hana tena ruhusa ya kumpiga mkewe. Msimulizi wa Poe anaona haya kumtesa mnyama na anaona kumpiga mke kuwa jambo la kutajwa kwa kupita. Mizani hiyo haikuzaliwa naye, alifundishwa na nchi yake.

Hadithi iliyobeba jina la ukaidi wenyewe, "The Imp of the Perverse" ya Julai 1845, inafichua mchezo wote. Nusu yake ya kwanza inasomeka kama insha ya mwanafalsafa anayewalaumu wataalamu kwa kuusahau msukumo huo katika orodha zao za tabia za binadamu, na msomaji anashawishika kwamba anamsikia Poe mwenyewe. Kisha, ghafla, mwandishi wa insha anasema kwamba amefungwa minyororo na anangoja kuuawa. Alimuua mtu kwa mshumaa wenye sumu, akairithi mali yake, na akaishi miaka mingi kwa raha. Hakuna ukaidi wowote katika mauaji hayo. Sababu ni mali, mpango ulichukua muda, na njia ilichaguliwa kwa hesabu. Ukaidi unaingia mwishoni tu, pale anapojikuta akikimbia barabarani na kulitangaza kosa lake mbele ya umati. Kwa hiyo, katika hadithi inayochukuliwa kuwa tamko rasmi la nadharia ya giza la asili, msukumo wa kina usioelezeka ndio unaoleta ukweli, na uovu unaeleweka vizuri kabisa kama uroho wa urithi. Ni vigumu kupata hadithi nyingine ambayo imesomwa kinyume chake kwa muda mrefu namna hii.

Wasomi wa sheria watakumbuka kwamba miaka ile ilikuwa ya mabishano makali juu ya utetezi wa wazimu mahakamani. Daktari James Cowles Prichard alikuwa ameeneza tangu mwaka 1835 dhana ya wazimu wa kimaadili, yaani ugonjwa unaoharibu hisia na mwenendo wa mtu ilhali akili yake ya kufikiri ni nzima, na mwaka 1843 mahakama ya London ilimwona Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu wa Waziri Mkuu, hana hatia kwa sababu ya wazimu. Msimulizi wa "The Tell-Tale Heart", ya Januari mwaka huohuo, anajitetea mbele ya wasikilizaji asiowataja, akisisitiza kwamba hana wazimu na akikanusha, bila kuulizwa na mtu, kwamba aliitamani dhahabu ya mzee aliyemuua. Sauti hizi ni za kizimbani. Anayezisoma kama mahubiri kuhusu nafsi ya kila mtu amesahau kwamba mshtakiwa ana kila sababu ya kumfanya hakimu aamini kuwa wote wangefanya vilevile.

Ipo hadithi moja ya Poe ambamo muuaji hajitetei kwa maumbile, nayo ni "Hop-Frog", iliyochapishwa Machi 1849, miezi michache kabla ya kifo chake. Mchekeshaji mlemavu, aliyetekwa kwa nguvu kutoka nchi yake ya mbali pamoja na msichana Trippetta na kutolewa zawadi kwa mfalme, analazimishwa kunywa divai inayomtia wazimu. Trippetta anapomwombea, mfalme anamsukuma na kummwagia divai usoni. Hop-Frog anawashawishi mfalme na mawaziri wake saba wajipake lami na kujivika kitani wafanane na masokwe, wafungwe mnyororo mmoja, kisha anawachoma moto mbele ya wageni wao. Kabla ya kutoweka kupitia paa anasema wazi aliyoyafanya na kwa nini: huyu ni mfalme asiyeona haya kumpiga msichana asiye na ulinzi, na hawa ni washauri waliomsaidia. Poe alikulia Richmond, Virginia, mji wa soko kubwa la watumwa, na mtekwa anayemfunga bwana wake minyororo si picha aliyoikuta hewani. Mtumwa anataja sababu, mabwana wanataja maumbile. Tofauti hiyo ndiyo mafunzo makubwa ya kazi za Poe, iwe aliikusudia yote au la. Toni Morrison alionyesha mwaka 1992, katika kitabu chake Playing in the Dark, jinsi fasihi ya Marekani ilivyowatumia watu weusi kama kivuli cha kujazia hofu za watu weupe, na baada ya kitabu hicho hakuna mhakiki mwaminifu anayeweza kuendelea kuzungumzia weusi wa nafsi kana kwamba neno hilo liliokotwa mbali na soko la Richmond.

Uskoti inatoa kielelezo ambacho kingetosha peke yake. "The Body Snatcher" ya Robert Louis Stevenson, ya mwaka 1884, imejengwa juu ya mauaji halisi ya Edinburgh, ambako William Burke na William Hare waliwaua watu 16 mwaka 1828 na kuiuzia maiti shule ya anatomia ya Daktari Robert Knox. Anatomia ni elimu ya kupasua mwili ili kujua viungo vyake, na wakati huo sheria iliwaruhusu madaktari kutumia miili michache tu, idadi ambayo haikutosheleza wanafunzi waliomiminika mjini. Upungufu ulizaa bei, bei ikazaa wezi wa makaburi, na mwishowe Burke na Hare wakagundua kwamba kumuua maskini asiye na jamaa ni kazi rahisi kuliko kufukua kaburi usiku. Burke alinyongwa Januari 1829, Hare aliachiwa kwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, Knox hakushtakiwa.

Stevenson aliijua biashara hii vizuri kuliko wahakiki wake. Mhusika wake Fettes ni msaidizi wa shule ya anatomia anayepokea maiti alfajiri na kulipa fedha, na amri aliyopewa ni kutouliza. Asubuhi moja analetewa maiti ya Jane Galbraith, msichana aliyekuwa akicheka naye jana yake, na anaona alama za kuuawa. Mwenzake Macfarlane anamshauri anyamaze kwa kuwa kufichuka kwa jambo hilo kutawazamisha wote. Baadaye Macfarlane analeta maiti ya mtu aitwaye Gray, ambaye Fettes alikunywa naye, na kabla ya kuondoka anadai alipwe bei ya kawaida ya maiti, kwa sababu fedha isipotoka vitabu vya hesabu havitalingana. Hapo, katika leja, ndipo penye kitisho cha hadithi. Fettes anaandika malipo, na kwa kuandika anakuwa mshirika. Hakuna mnyama aliyeamka ndani yake, hakuna tamaa ya damu, kuna kijana anayeogopa kupoteza kazi na hadhi, akiongozwa hatua kwa hatua na taasisi inayohitaji bidhaa. Hata mwisho wa hadithi, ambapo maiti ya mke wa mkulima waliyoifukua inageuka njiani, gizani na mvuani, kuwa mwili wa Gray, hautoi siri yoyote ya nafsi: unawarudishia wanunuzi bidhaa waliyoilipia. Bunge la Uingereza lilipopitisha Sheria ya Anatomia mwaka 1832, lilikomesha biashara hiyo kwa kuwapa madaktari miili isiyodaiwa ya maskini waliofia katika nyumba za hifadhi, na wauaji waliouza maiti wakatoweka. Kama maumbile ndiyo yaliyoua Edinburgh, basi maumbile yalibadilishwa kwa kifungu cha sheria, na maskini ndio waliolipa.

Kuhusu Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde ya mwaka 1886, ambayo ni ndefu kuliko hadithi fupi lakini haiwezi kuachwa, yatosha kusema kwamba nadharia ya nafsi mbili imo katika waraka wa mwisho wa Jekyll, yaani katika maneno ya mtu aliyemkanyaga mtoto na kumuua mzee kwa fimbo. Waraka huohuo unakiri kwamba dawa iliyomgeuza Jekyll kuwa Hyde haikuwa na upande, haikuwa ya kishetani wala ya kimungu, na kwamba angeitumia kwa nia njema ingemtoa malaika. Hyde, anayeitwa mnyama na wahakiki, ana nyumba iliyopambwa vizuri mtaa wa Soho, ana wosia unaomrithisha mali, na analipa fidia ya mtoto aliyemkanyaga kwa hundi ya benki yenye sahihi ya Jekyll. Na waungwana wanaomzunguka, akiwamo wakili Utterson, wamekubaliana kwamba jambo likinuka ni adabu kutouliza. Mnyama hahitaji benki wala wakili, wala rafiki wa kunyamaza.

Nadharia hii inafilisika kabisa inapofika kwa "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, ya mwaka 1892, kwa kuwa ndani yake hakuna mwovu. Mume ni daktari, anampenda mkewe, na kwa upendo huo anamfungia katika chumba cha ghorofani chenye nondo madirishani, anamkataza kuandika, na anacheka anaposema anaumia, mpaka mke anapoanza kumwona mwanamke mwingine akitambaa nyuma ya karatasi za ukutani. Gilman mwenyewe alipitia tiba ya mapumziko ya Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia mwaka 1887, na mwaka 1913 alieleza kwamba aliiandika hadithi hiyo ili kuwaokoa watu na tiba iliyokaribia kumtia wazimu. Mwandishi amesema sababu, ametaja daktari na ametaja tiba. Kumjibu kwamba ameonyesha giza la nafsi ni kumfanyia yaleyale aliyofanyiwa na mume katika hadithi.

William Faulkner naye, katika "A Rose for Emily" ya mwaka 1930, aliuweka mji mzima kuwa msimulizi, na mji huo husema "sisi". Ni wao waliomfutia kodi Emily Grierson mwaka 1894 kwa heshima ya ukoo, chini ya Kanali Sartoris, meya yuleyule aliyepiga marufuku mwanamke mweusi kutokea mtaani bila aproni. Ni mwenye duka la dawa aliyemuuzia aseniki bila kupewa jibu ambalo sheria ilimtaka apewe. Ni wanaume wanne walionyunyiza chokaa usiku kuzunguka nyumba ilipoanza kunuka, kwa sababu hakimu aliona ni utovu wa adabu kumwambia bibi wa ukoo bora kwamba kwake kunanuka. Homer Barron, mpenzi wa Emily, alilala maiti kitandani miaka mingi kwa msaada wa adabu hizo, na Tobe, mtumishi mweusi aliyejua yote, aliwafungulia mlango waombolezaji, akatoka kwa mlango wa nyuma, asionekane tena.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa Flannery O'Connor, Mkatoliki wa Georgia aliyeamini dhambi ya asili bila kuficha, na ambaye katika "A Good Man Is Hard to Find" ya mwaka 1953 aliiua familia nzima kando ya barabara kwa mkono wa mhalifu asiyejua kwa nini aliwahi kufungwa. Imani yake lazima iheshimiwe. Lakini dhambi ya asili kama Kanisa linavyoifundisha haimwondolei mtu hiari wala wajibu. Inamtaka alitaje kosa lake kwa jina, atubu na apokee neema, na O'Connor alisisitiza kwamba wakati wa neema ndio kiini cha hadithi zake. Bibi katika hadithi hiyo anaipoteza familia kwa mfululizo wa makosa madogo yanayotajwa moja moja: paka aliyefichwa kapuni, uongo kuhusu nyumba yenye mlango wa siri, na hatimaye kutamka kwamba amemtambua muuaji. Anayezungumzia upande wa giza wa binadamu kwa jumla hatubu chochote, kwa kuwa hakuna tendo alilolitaja. Amechukua sehemu ya fundisho inayolaumu wote na kuiacha sehemu inayomwajibisha mmoja.

Pingamizi la pili husema kwamba hadithi hizi zisingewatetemesha wasomaji wa nchi na nyakati mbalimbali kama uovu huo usingekuwamo ndani yao. Hapa mambo mawili yamechanganywa. Kwamba kila mtu anaweza kutenda uovu ni kweli isiyobishaniwa, lakini uwezo ulio kwa wote hauwezi kueleza kwa nini huyu aliua na yule hakuua. Makuti ya nyumba zote za kijiji huwaka yakiguswa na moto, ila nyumba moja inapoteketea wanakijiji hawaridhiki kuambiwa kwamba makuti huwaka. Huuliza moto ulitoka wapi na nani aliushika. Hofu ya msomaji nayo si ungamo. Nathanael, katika "Der Sandmann" ya E. T. A. Hoffmann ya mwaka 1816, hadithi ambayo Freud aliifanya msingi wa makala yake ya mwaka 1919 juu ya mambo ya kutisha, aliogopa macho kung'olewa kwa sababu wakili Coppelius, mgeni wa usiku wa baba yake, alimkamata na kumtishia hivyo; Freud aliigeuza hofu hiyo kuwa siri ya mtoto mwenyewe, na Coppelius akatoka mlangoni bila kuulizwa neno.

Madhara ya usomaji huu yanaonekana darasani, ambako mwanafunzi aliyesoma "The Black Cat" huandika kwamba sote tuna uovu ndani yetu, akapata alama nzuri, na asitakiwe kueleza kwa nini mke hana jina. Walimu wa fasihi, wahariri wa mikusanyo na waandika dibaji wana uwezo wa kulirekebisha hilo mara moja, bila mtaala mpya na bila gharama. Wamtake kila msomaji, kabla hajatamka lolote kuhusu maumbile ya binadamu, aoneshe katika hadithi iliyo mbele yake ni nani amelisema jambo hilo, alilisema akiwa wapi, na ni nani alikuwa amekwisha kufa alipolisema.